Marahaba Iliyochelewa

Mteremko hakuwa mgonjwa. Hospitali alikwenda kama wengine wanavyokwenda sokoni, kuangalia kilichoingia. Alivaa tai, akakumbatia bahasha yenye eksirei ya mbavu za mtu asiyemjua, na mbavu hizo za kuazima zilimfaa sana mjini: zilimpa nafasi ya mbele kwenye foleni, nauli kutoka kwa wenye huruma, na siku moja hata mwavuli mpya. Jina alipewa na mtaa, kwa kuwa kila ukimweleza jambo, liwe gumu vipi, hujibu, "Hilo mteremko tu."

Asubuhi moja alikaa kwenye benchi karibu na mlango wa daktari wa ubongo, na mlango haukufungwa vizuri. Ndani alikuwamo bibi mmoja nadhifu, mstaafu wa mtambo wa simu, ambaye majirani bado walimwita Bi Opereta. Kando yake alikaa binti yake, mwalimu wa hesabu.

"Tatizo la mama," daktari alisema, "liko kwenye sehemu nyeupe ya ubongo."

Hapo hapo Mteremko akaacha kusikiliza. Wajanja wa mjini wana kamusi yao, na humo mtu mweupe ni mtu mtupu: hana kitu mfukoni, au hana kitu kichwani. Sasa huyu bibi ni mweupe kichwani, na daktari kathibitisha! Mteremko alitabasamu hadi mgonjwa wa pembeni akampongeza kwa majibu mazuri ya mbavu.

Laiti angevumilia kidogo. Daktari aliendelea kueleza kwamba sehemu hiyo nyeupe ni kama nyaya za kupelekea habari huku na huku. Kwamba presha ya miaka mingi imeharibu mishipa midogo ya damu, na nyaya zimechakaa. Ndiyo maana mama anatembea polepole, anajibu polepole, na mambo mawili kwa mpigo yanamchanganya. Kumbukumbu zake nyingi zipo, ila zinachelewa kufika. Dawa ya presha asiiache, na atembee kila siku. "Zilizochakaa hatuwezi kuzirudisha," alisema. "Tunazilinda zilizobaki."

Bi Opereta alitafakari.

"Kwa hiyo mteja yupo," alisema hatimaye, "ila laini ni mbovu."

Kwenye korido Mwalimu alimshika mama yake mkono. "Mama, silali. Nawaza umeacha jiko linawaka, au umempa mtu nyumba. Tukubaliane: ukisahau jambo kubwa, moja tu, unahamia kwangu. Na lile gari la baba linalozeeka gereji tutaliuza."

Walifika hadi chini ya ngazi ndipo Bi Opereta akasema, "Sawa." Aliisema kwa shingo upande. Kwa bintiye kulikuwa kuzuri, ghorofa ya juu yenye upepo, lakini huko angekuwa mgeni wa kudumu, mtu wa kuulizwa kama ameshakunywa dawa. Kwake alikuwa bado mwenye nyumba. Alichoogopa kuliko ugonjwa wenyewe ni kuipoteza hadhi hiyo.

Nyuma yao, na bahasha yake kwapani, Mteremko alikuwa akishuka ngazi hiyo hiyo bila haraka.

Baada ya siku chache alibisha hodi nyumbani kwa Bi Opereta.

"Shikamoo, mama!"

Bi Opereta alimtazama, kimya.

"Habari za hapa? Usiniambie umenisahau!"

"Marahaba," alisema Bi Opereta.

Mteremko akasita kidogo, kisha akakaza mwendo. "Mimi ndiye uliyeniuzia gari la marehemu. Nimekuja kulichukua."

"Nzuri tu."

"Basi vizuri, nipe ufunguo..."

"Nimekusahau," alisema Bi Opereta kwa masikitiko, na baada ya hapo hakusema tena.

Sasa ieleweke: kazi ya utapeli ni kazi ya mwendo kasi. Mtu asipewe nafasi ya kufikiri, basi. Mjanja huvumilia njaa, huvumilia mvua, huvumilia hata rumande, lakini ukimya haujui. Ukimya wa Bi Opereta ulikaa sebuleni kama mgeni wa tatu, na Mteremko akaanza kuulisha.

"Nilikulipa hapa hapa, mama. Taslimu." Kimya. "Ukaniambia haliwaki. Nikasema si neno, nitalitengeneza mwenyewe." Kimya. "Na matairi, maana yameoza." Kimya. "Haya, na rangi pia! Tulikubaliana na rangi, mama, usinitazame hivyo!" Alijifuta jasho kwa ncha ya tai. "Mimi sikulaumu. Sehemu nyeupe ya ubongo ikichoka, mtu hakumbuki hata alichokula. Na binti yako sitamwambia kitu, asije akakuhamisha nyumba yako bure. Kesho nakuja na fundi."

Akaaga, akaenda zake akipiga mluzi.

Bi Opereta aliingia jikoni kuosha vikombe. Aliogopa, na aliogopa kweli. Aliitafuta siku hiyo ya kuuza gari, akagonga kila mlango kichwani mwake, hakuna aliyeitika. Je, ndiyo imeanza hivi? Mtu anauza gari la mumewe na hana habari? Alifikiria kumpigia bintiye, akaishika simu, akairudisha mezani. Angemwambia nini?

Alikuwa kwenye kikombe cha pili habari ilipofika. Ilifika taratibu, lakini ilifika nzima. Habari za sehemu nyeupe hajamwambia mtu. Hajamwambia jirani, wala dada yake. Na habari za kuhamishwa nyumba zilisemwa mahali pamoja tu, koridoni, na nyuma yao alikuwapo kijana mmoja mwenye tai na bahasha kubwa.

Bi Opereta alicheka peke yake hadi maji yakafurika kwenye beseni. Alicheka kwa furaha ya mtu aliyedhani ameibiwa akili akaikuta palepale alipoiacha.

Kesho yake Mteremko alikuja na fundi, pande la mtu asiyecheka, aliyeahidiwa kwamba atalipwa siku gari litakapotoka getini. Bi Opereta aliwakaribisha, akawawekea viti karibu na gereji.

"Mwanangu," alisema, "mimi ndiye wa kusahau, wewe ndiye wa kukumbuka. Nikumbushe: kuhusu breki tulikubaliana nini?"

"Breki?"

Bi Opereta alinyamaza, naye Mteremko hakustahimili. "Breki mpya, mama. Tulisema mpya."

"Na siti?"

"Siti... zishonwe upya?"

"Ahsante, baba. Na hili geti la gereji lililoshika kutu, mtalipitishaje gari?"

Na geti likatengenezwa. Fundi alipomtazama kwa jicho baya, Mteremko alimvuta pembeni. "Tulia, kaka. Kadiri linavyopendeza ndivyo bei inavyopanda. Mnunuzi ninaye tayari. Hili mteremko tu." Betri alinunua kwa akiba yake. Matairi aliyapata kwa kukopa kwa matapeli wenzake, watu wasiokopeshana hata kiberiti. Siku ya mfereji wa bati ulioanguka, ambao nao, ikakumbukwa, ulikuwemo kwenye makubaliano, alipanda ngazi mwenyewe na tai yake shingoni, na Bi Opereta akamshikia ngazi kwa mikono miwili asije akaanguka.

Jumamosi gari liliwaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja tu. Liling'aa kama sufuria mpya. Mteremko alikuwa ndiyo kwanza anakaa kwenye usukani Mwalimu alipoingia getini; mama yake alikuwa amemwita watembee kidogo.

"Kaka, unafanya nini humo?"

Mteremko alishuka kwa adabu zote. "Dada, nilitaka kukuficha, lakini acha niseme. Mama aliniuzia hili gari, akasahau. Kila siku namkumbusha. Si kosa lake, ni ile sehemu nyeupe."

Mwalimu alinywea. Hicho ndicho kitu alichokuwa akikiogopa usiku na mchana. Akamgeukia mama yake, na Bi Opereta alikuwa anamtazama Mteremko kwa utulivu mkubwa.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Unaona?" Mteremko alipiga makofi. "Mweupe kabisa!"

Mwalimu machozi yalimlenga, lakini alikuwa mwalimu wa hesabu, na hesabu ilianza kujipanga yenyewe. "Wakati unalinunua, ulijua mama anaumwa?"

"Nilijua, ndiyo, wote tuna..."

"Kwa hiyo ulimtafuta mgonjwa, ukajua ni mgonjwa, ndipo ukanunua kwake gari. Na hati iko wapi? Twende wote kituoni ukawaeleze polisi hivyo hivyo ulivyonieleza."

Mteremko alirudi nyuma hatua moja, akagota kifuani kwa fundi. Fundi ndiye aliyesema.

"Mimi aliniambia gari ni la shangazi yake," alisema, akamwekea mkono begani, na ulikuwa mkono mzito. "Dada, kituoni msihangaike. Kwangu kuna magari mengi ya kuosha. Ataosha hadi tuelewane."

Wakaondoka, mmoja akiongoza na mwingine akiongozwa.

Mwalimu aliliwasha gari la baba yake, wakatoka. Mama yake alikaa pembeni, mkoba mapajani, dirisha wazi, upepo ukimpiga usoni.

"Mama," Mwalimu alisema mwishowe, "kweli humkumbuki? Kashinda kwako siku zote hizo." Mama hakujibu. "Ulimuuzia?" Wakapita shule. "Mama, basi njoo ukae kwangu. Nakuomba."

Taa ikawa nyekundu, ikawa kijani. Wakapita mtengeneza funguo, wakapita duka la magodoro. Mwalimu alifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Namkumbuka," Bi Opereta alisema. "Ni yule wa hospitali, wa bahasha. Nilimuuliza ni nani kwa sababu kanywa chai yangu siku zote hizo na jina hajaniambia."

Mwalimu alitaka kusema kitu, mama yake akamwinulia kidole: laini ilikuwa bado inazungumza.

"Sikumuuzia. Alikuja na uongo wake nikaununua, nikamwacha aulipie." Akatazama nje kidogo. "Kwako siji. Nitakuja Jumapili, kula."

Mwalimu alianza kucheka huku akilia, akishindwa kuchagua kimoja.

"Na kule nyuma," Bi Opereta alisema, "kwenye shule, tulitakiwa kupinda kulia."