Mgongo wa Ami Tuwaini

Jumamosi, 3 Januari 1981. Ibra, Omani.
Ami Tuwaini kateguka kiuno. Kapakia magunia ya tende kwenye pikapu peke yake, kwa kuwa hamuamini mtu. Sasa amelala kifudifudi majlisi, chumba cha wageni, anailaani pikapu. Habari njema sana! Ami ndiye baba yake Ghalia. Nimemposa Ghalia tangu Idi Kubwa, na jawabu mpaka leo ni "inshallah". Mtu anayekuchua mgongo asubuhi na jioni huwezi kumjibu inshallah milele. Nikajitolea mbele ya wageni. Ami akaniuliza kama naijua kazi. Nikamwambia Unguja nilikuwa maarufu kwa kuchua. Unguja nimeondoka nina miaka saba.

Jumapili, 4 Januari
Nimechua. Mgongo wa Ami ni ukuta wa ngome. Nilipobonyeza, aliyelia ni mimi. Bi Mahbouba, mkewe, akapita na buli la kahawa, akasimama kutazama.
"Harub, mwanangu, unamchua au unamkuna?"
Ghalia alikuwa mlango wa jikoni. Alicheka. Madole gumba yamevimba yote mawili. Haya nayaandika kalamu nimeishika kwa ngumi.

Jumatatu, 5 Januari
Kaja Hilali kutoka Sur, mtoto wa dada yake Bi Mahbouba. Na yeye kaposa. Hata viatu hajavua vizuri, keshamshika Ami mgongo. Anachua huku anapiga hadithi za papa. Jasho hana. Ami kalala usingizi, anakoroma kwa furaha.
Nikamuuliza siri yake, kama mtu asiyejali. Akaniambia yote bila kuficha: vidole niviache, nipige magoti karibu, mikono niinyooshe, niegemee kwa uzito wa mwili, nitumie kiganja na kigasha. Mikono haina kazi, anasema, kazi ni ya mwili.
Nikamshukuru. Uongo mtupu. Nani anampa mpinzani wake siri ya kweli?

Jumanne, 6 Januari
Nimepata dawa. Kijiti cha kusukumia chapati! Nikampaka Ami mafuta ya habbasoda, nikamsukuma kuanzia kiunoni kwenda juu. Mikono yangu raha mustarehe. Nilipofika shingoni ngozi ikajikunja, kijiti kikaibana. Ami akatamka maneno ya Kiarabu ambayo sijapata kuyasikia hata Sinaw, kwenye mnada wa ngamia.
Kijiti nilikirudisha jikoni kimya kimya. Chapati za usiku zilinuka habbasoda. Watu wakatazamana. Hilali akazila, akazisifu. Mnafiki.

Alhamisi, 8 Januari
Nimefikiri upya. Hilali alisema uzito wa mwili. Basi kama kuegemea kunafaa, kusimama kutafaa zaidi. Nikafunga kamba kwenye boriti ya majlisi, niishike nisimlemee. Nikamueleza Ami kwamba huu ni utaalamu. Alikubali, nadhani alikuwa amechoka kunisikia.
Nikapanda. Mafuta ya juzi sikuyafikiri. Boriti ilishika, kamba ilishika, mimi sikushika. Nikamuangukia Ami kiunoni, kwa makalio. Ukasikika mlio, kama kuni kavu inavunjwa. Nikajua nimemuua.
Ami akainuka. Akasimama wima! Akainama, akajinyoosha, akageuka kulia na kushoto. Halafu akachukua bakora, akanifukuza mpaka kwenye falaji, mfereji wa maji ya mashamba, na alikuwa anakimbia vizuri sana.
Jioni kawaambia wageni kwamba Mungu mkubwa, na mkono wa Hilali una baraka. Dawa yake, anasema, ilikuwa inachelewa kidogo tu kuingia.

Jumamosi, 10 Januari
Jana baada ya sala ya Ijumaa imetangazwa. Ghalia anaolewa na Hilali. Mama yangu alikwenda kuuliza, akarudi na habari kamili: Ghalia alishamchagua Hilali tangu Idi, kabla mgongo haujateguka. "Inshallah" yangu ilikuwa adabu tu. Mama akasema, mwanangu, siku nyingine muulize mtu mwenyewe, na ukifundishwa kitu, shika.
Nimekwenda kutoa hongera. Nimekula halwa. Sikuisikia ladha.

Jumatatu, 12 Januari
Nimelala vizuri. Mama, kusema kweli, mambo haya hayajui. Kosa langu ni moja tu: nilichagua mgongo usiofaa.
Nimesikia Mzee Thabit wa Al Qabil bega limemkauka, mkono haunyanyuki. Ana binti, Shukriya, mwalimu. Binti sijamuona, si lazima. Na dada yangu Ghaniya kanunua mashine ya kufulia. Ukiiwasha inatetemeka mpaka vikombe vinatembea juu ya meza. Mtu akifungwa juu yake vizuri, bega litalainika lenyewe, na mimi nitasimama pembeni, mikono mfukoni.
Kesho naazima pikapu ya kuibebea mashine. Ya Ami Tuwaini, ndiyo kubwa.