Blogu Yangu Inatafuta Jina

Jumatatu, 7 Julai 2025

Siku mbaya. Mke wangu Jovitha karudi kutoka sokoni Nyaishozi, katua kapu bila salamu. Laurensia, mwenyekiti wa kwaya, alimsimamisha mbele ya wauza maharage. Akamuuliza kama ni kweli alisema sauti ya kwanza wanaimba kama watu wanaofukuza nyani shambani.

Ni kweli alisema. Alisema jikoni, mwezi uliopita, akimenya ndizi. Mimi niliandika tu.

Blogu yangu, si daftari hili, inaitwa Kasema Mama Ainembabazi. Ainembabazi ni binti yetu, ana miaka minne. Naandika maisha ya kila siku: nani kapita, tumekula nini, mke wangu kasema nini. Zaidi hilo la mwisho. Nina wasomaji arobaini na mmoja. Sikujua kuwa Laurensia yumo. Nilifurahi kidogo, ila sikuonyesha.

Jovitha kanipa mpaka Jumapili. Jambo hili lisipokwisha, anamchukua mtoto na kwenda kwa baba yake kule Rugu. Hakupaza sauti. Akipaza sauti huwa anatania. Nimeogopa.

Nimefikiri mpaka chakula kikapoa. Tatizo nimeliona: jina. Mama Ainembabazi yuko pale juu kwa herufi kubwa, nani asimjue? Nikibadili jina, yamekwisha.

Jumanne, 8 Julai

Nimepanda pikipiki mpaka Nkwenda kwa mwalimu Theoneste. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Huyu ana blogu iitwayo Kyerwa Yetu, wasomaji mia tisa, na picha yake mwenyewe kila ukurasa. Nilijifanya nimekuja kuulizia mbegu za maharage. Hakudanganyika hata dakika moja.

Akasema jina zuri humjia mtu akiwa anaoga. La kwake lilimjia hivyo. Akaongeza kuwa yeye haandiki habari za watu wa nyumbani kwake, ndiyo maana anakula na kulala vizuri. Hilo la pili sikulitilia maanani. Ni maringo tu.

Nimerudi, nimeoga mara mbili. Hakuna kitu. Jovitha kauliza nani kamaliza maji. Nimemwambia ni utafiti. Kachukua ndoo, karudi kisimani.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata! Uchaguzi! Majirani wachague, mimi nisilaumiwe. Atakuwepo mzee Placidius, anayesuluhisha ugomvi wote wa mtaani kwetu. Jina likishapita mbele yake, Jovitha atapingaje?

Majina ni matatu: Kibanjani Kwetu, Yaliyojiri Nyaishozi, na Jicho la Nestory. Nestory ni mimi. Mawili ya kwanza nimeyaweka ili uchaguzi uonekane uchaguzi.

Karatasi sitaki. Wengine kusoma ni shida, na Athanasi kila siku anasema kasahau miwani. Nitapanga vikombe vitatu, kila jina kikombe chake. Kila mtu nampa punje moja ya kahawa, anaitumbukiza anakopenda. Stoo nimekuta furushi la kahawa ya kutafuna, imechemshwa na kukaushwa vizuri, imefungwa kwa jani kavu la mgomba. Inanukia! Ni ya nani sikuuliza. Ukiuliza, nawe unaulizwa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimezungumza na Fidele, anayetusaidia kulima. Nimemwomba atumbukize punje tatu kwa Jicho la Nestory. Kauliza kama huo si wizi. Nimemweleza kuwa ni kampeni. Kauliza kama rubisi, pombe yetu ya ndizi, itakuwepo. Itakuwepo. Basi, kakubali.

Kahawa yetu shambani imeiva, nyingine inadondoka. Jovitha anachuma peke yake. Nimemwahidi kumsaidia kesho. Kesho ni uchaguzi. Basi keshokutwa.

Ijumaa, 11 Julai

Sijui nianzie wapi.

Walikuja watu kumi na wanne. Nilimwamkia mzee Placidius shikamoo, nikamkalisha kwenye mkeka, nikampa punje yake ya kura kwa mikono miwili. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaitia mdomoni, akatafuna.

Ni haki yake. Kwetu mgeni akikaa anapewa kahawa, na akipewa anatafuna. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, nimetafuna kahawa kwenye kila nyumba ya mtaa huu. Sikukumbuka!

Wengine walikuwa wanamsubiri mkubwa aanze. Alipoanza, wote wakatia mdomoni. Kura zote zikatafunwa mbele ya macho yangu. Fidele alitafuna tatu.

Nikaanza kueleza habari za vikombe. Athanasi akauliza, kwa sauti ya kusikika barabarani, tangu lini mgeni akakaribishwa kwa punje moja. Wakaguna. Bakhili mimi! Ikabidi niongeze. Nikaongeza tena. Furushi likaisha, na rubisi ikaisha. Mwisho nikachungulia vikombe. Kibanjani Kwetu, sifuri. Jicho la Nestory, sifuri. Yaliyojiri Nyaishozi, punje moja. Athanasi alikiri kuwa aliitema yeye, ilikuwa mbovu.

Nikatangaza mshindi. Watu wakapiga makofi.

Ndipo mzee Placidius akamuuliza Jovitha yeye anasemaje. Akajibu kuwa jina halimhusu, hata blogu ikiitwa Jiwe. Akasema mtu akirudi nyumbani huvua viatu, na yeye akirudi huvua mdomo, auweke chini upumzike. Sasa kwake hana pa kuuweka. Laurensia, ambaye alikuja na hasira zake za kwaya, akainamisha kichwa.

Alisema vizuri mno. Niliyaandika palepale mkononi, maana karatasi haikuwa karibu.

Jumamosi, 12 Julai

Jovitha kaingia stoo, katoka mikono mitupu. Kahawa ile aliiandaa yeye, ya kumpelekea baba yake, ugomvi uwepo usiwepo. Kaichuma, kaichemsha, kaianika siku nyingi. Nimekiri. Kageuka, kaenda kumwogesha mtoto. Afadhali angenigombeza.

Nimeona aibu ya kweli. Nimekwenda shambani, nimechuma kahawa mpaka vidole vikawa vyeusi. Nikarudi, nikafuta kila alichowahi kusema mke wangu kwenye blogu, nikabadili na jina. Nikamwonyesha simu. Kaangalia polepole, kaangalia tena, kisha kasema haya, atakaa. Nikamenya ndizi mwenyewe, nikapika mwenyewe. Tukala watatu tukicheka. Ainembabazi akasinzia mapajani mwangu. Sina furaha zaidi ya hii.

Tatizo ni moja. Blogu imebaki nyeupe. Jina jipya, ndani hamna kitu! Msomaji atafikiri nimekufa. Nikaangalia mkononi, yale maneno ya jana bado yanasomeka. Nikayapandisha. Jina lake sikuliweka. Niliandika tu "mke wangu".

Jumapili, 13 Julai

Wasomaji mia tatu na kumi na wawili! Theoneste kaandika chini kwamba hajawahi kusoma kitu kizuri hivi kutoka Karagwe. Kanisani Laurensia kamshika Jovitha mikono, machozi yanamtoka, kamwambia maneno yake yamesomwa hata na mama mkwe wa Laurensia kule Bukoba.

Jovitha kamshukuru. Tumefika nyumbani. Kafunga nguo zake na za mtoto, kaita pikipiki, kaondoka. Mlangoni kaniambia kitu kimoja, na kaniomba nisikiandike.

Nyumba imenyamaza. Nimepika uji, umeungua. Nilikaa na simu mkononi saa nzima, sikupata hata sentensi moja ya blogu. Kumbe mimi sina la kusema, mwenye maneno ni yeye. Nimemkumbuka mno.

Jumatatu, 14 Julai

Nimempigia baba mkwe, nimemwamkia, nimeomba msamaha. Kasema nifike keshokutwa na mzee Placidius, na rubisi, tukae mbele ya wazee wa ukoo, Jovitha aseme yote yaliyo moyoni mwake, mimi nisikilize tu mpaka amalize.

Nimekubali kwa moyo mweupe. Nikamuuliza kama hapo uani kwake mtandao unashika.