Mbolea ya Gathogo

Jumanne, 4 Machi
Celestine amesifu tena pilipili za jirani yetu Gathogo. Mara ya tatu tangu Jumapili. Ugali wangu, meza yangu, mke wangu, na machozi yanamtoka kwa utamu wa pilipili ya mtu mwingine. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kumtoa machozi ya namna hiyo. Nimeamua kupanda zangu.

Alhamisi, 6 Machi
Kipkoech, mwenye ng'ombe wawili hapa mtaani kwetu Free Area, ameniletea mbolea mbichi kwa mkokoteni. Ameniambia niichanganye na majani makavu, niigeuze kila wiki, nisipande kitu kabla ya miezi mitatu. La sivyo itaunguza mizizi. Nimemshukuru. Mtu wa ng'ombe wawili ana wakati mwingi. Mimi nimeipa wiki moja. Kinachoivisha mbolea ni joto, kwa hivyo nimeifunika blanketi.

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe lilikuwa blanketi la harusi. Celestine amelipata. Amelifua mara tatu, na hapo ndipo nilipoogopa. Binti yetu Shantel sasa anakula chakula nje, upande ule mwingine wa nyumba, kwa sababu ya harufu. Jioni nimemwona Celestine akiongea na Gathogo kwenye ua, sauti ya chini. Wananicheka, najua.

Jumapili, 9 Machi
Nimesingizia tumbo, nikabaki wote walipoenda kanisani. Gathogo ana gunia la mbolea iliyoiva karibu na ua. Nyeusi, laini, hainuki hata kidogo. Nikajaza gunia langu ile mbichi, nikaruka ua, nikabadilisha. Suruali imechanika. Magunia yanafanana kabisa.
Celestine aliporudi alinipikia uji wa tumbo. Akakamua ndimu, vile napenda. Nimeunywa wote bila kumwangalia.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi Gathogo amebisha, gunia begani, jasho likimtiririka.
"Makhanu, Mama Shantel aliniambia unahangaika," akasema. "Hii nilikuwekea kando tangu Ijumaa."
Akalifungua anionyeshe. Akainama. Akanusa. Akanusa tena. Kisha mzee wa watu akaanza kuniomba msamaha, eti haelewi alikosea wapi, miaka yote hii mbolea yake haijawahi kumwaibisha. Nilivumilia mpaka aliposema labda amezeeka, aachane na shamba. Hapo nikasema yote, hata ya suruali.
Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Celestine alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu. Yeye ndiye aliyeniombea ile mbolea. Sikujua niangalie wapi.
"Baba Shantel," akasema, "si ungeuliza tu?"
Tumechanganya pamoja, madebe mawili ya udongo kwa debe moja la mbolea iliyoiva. Gathogo ameniachia miche sita.

Jumamosi, 29 Machi
Miche yote sita imeshika. Celestine ameinama akaihesabu, kisha akanishika mkono mbele ya Shantel. Nimewaeleza wanaume wa kanisa kwamba kilimo ni subira. Gathogo alikohoa.
Akeyo wa nyumba ya mwisho ana kuku anayeatamia. Nimemuuliza mayai huchukua siku ngapi kuanguliwa. Ameniambia ishirini na moja.
Nimefikiria sana. Naona kumi na mbili zinatosha.