Mti wa Kukunja Barabara

Utaalamu wote wa Mtaalamu ulikuwa kikoti cha njano alichokiokota wajenzi walipohama kambi. Lakini kikoti hicho ukikivaa na kofia ngumu, hata mbwa hukupisha.

Asubuhi moja, akiwa kibarazani kwa shangazi yake anakokula na kulala bure, alimwona fundi akichora X nyekundu kwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara. Barabara inapanuliwa! Mwenye nyumba, Mzee Vyumba, alishika kichwa. Mtaalamu akashika kikoti.

"Shikamoo, mzee. Pole. Ila sera ya mazingira umeisoma?"

"Mimi nasoma mita ya umeme tu."

"Ukiwa na mti adimu mbele ya nyumba, barabara haikugusi. Inakunja kona, tena kwa adabu."

"Huo mti unapatikana wapi?"

"Kwani unaongea na nani, mzee wangu?"

Bei ilikuwa pikipiki ya mzee. Mtaalamu aling'oa vichaka vitatu nyuma ya jalala, akavipanda kwa heshima zote, akapanga kutoweka kabla ya ukaguzi. Ukaguzi ukamuwahi.

Afisa mazingira, dada mwenye viatu vya matope, aliinama, akanusa jani, akapiga kelele.

"Mti huu tulishaandika umetoweka! Umetoka wapi?"

"Umeota wenyewe, mwanangu," alisema Mzee Vyumba, bila haya.

Mtaalamu, aliyejificha nyuma ya pazia la shangazi, hakuamini masikio yake. Kumbe uongo wake ulikuwa kweli! Alitoka hadi kibarazani akacheza kwa furaha.

"We mtoto, umeng'atwa na nini?" aliuliza shangazi.

Alicheza hadi akachoka, akaegemea ukuta. Wapimaji wa barabara walikuwa wameshakubaliana: miti ibaki, barabara isogee upande wa pili. Fundi akavuka na kopo lake la rangi, akamwomba Mtaalamu asiegemee ukuta, akachora X.

Shangazi alilipwa fidia yake, akahamia kwa binti yake mwenye chumba kimoja na maneno mengi. Mpwa hakuwemo kwenye fomu wala kwenye chumba. Kwa mara ya kwanza aliona uchungu wa kukosa paa, na kwa unyonge akabisha hodi ng'ambo.

"Vyumba vipo," alisema Mzee Vyumba. "Kodi ni pikipiki."

"Mzee!"

"Na miti utaimwagilia wewe kila asubuhi. Ikikauka, barabara inarudi huku, na chumba chako ndicho cha mbele."