Wingu Juu ya Kichwa cha Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Mwezi wa pili wa ndoa! Mke wangu ni asali, ni ua, ni nesi. Tumehamia mji huu kwa ajili ya kazi yake, nami nashona mapazia nyumbani. Simjui mtu hapa. Wa nini? Ninaye yeye!

Kasoro moja tu. Akirudi kutoka wodini hafungui mdomo. Anakula, analala.

Leo nimetazama filamu ya katuni aliyoisahau mtoto wa shemeji, dada wa mke wangu, walipotutembelea. Nungunungu mdogo anafuatwa na kiwingu cha kijivu. Kiwingu ndicho wasiwasi wake. Kinamnyeshea yeye peke yake. Mwishoni analia mbele ya mama yake, anakumbatiwa, na kiwingu kinayeyuka kabla wimbo haujaisha. Nikaganda, sindano mkononi. Mke wangu huyo!

Jumanne, 4 Juni

Nimemwuliza kwa upole, kama mama nungunungu, ni nini kinamnyeshea. Akasema mvua haijanyesha wiki nzima, akaomba chumvi.

Kisha akampigia simu dada yake. Alicheka hadi akashika mbavu! Mimi nipo jikoni, nasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Shemeji ana nini nisicho nacho?

Alhamisi, 6 Juni

Bila machozi hakuna kupona. Nimemsimulia kifo cha bibi yangu, kisha mbwa wetu aliyepotea. Akanipa pole, akapiga miayo. Nesi huyo, ameona makubwa!

Simu yake ikalia. Shemeji tena. Nikapokea, nikasema amelala. Laazizi wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Jumamosi, 8 Juni

Vitunguu! Kapu zima. Nimevikata kando ya kiti chake, dirisha nimefunga, pazia zito nimelishusha. Saa ya kurudi kwake ikapita. Nikakata vingine.

Alipoingia, aliyekuwa analia ni mimi. Nikasema ni vitunguu. Akavitoa nje, akafungua dirisha. Sikunyamaza. Akaketi sakafuni, viatu miguuni, akanilaza kichwa begani. Akasema yeye ni mchovu tu, hana lingine. Akaniuliza, mume wangu, dirisha tunalo moja, wateja bado huna, haya mapazia yote unamshonea nani? Tangu lini unaogopa hivi kubaki peke yako?

Nikamweleza habari za nungunungu. Hakucheka. Akasema wodini kwao wapo wanaolia leo, kesho wakaamka na wingu lilelile. Halimalizwi na wimbo mmoja. Kuna mshauri pale hospitalini. Twende wote Jumatatu.

Jumapili, 9 Juni

Maskini kipenzi changu! Wasiwasi umemzidi hadi anauona kwangu. Kwa mshauri nitakwenda, nimsindikize. Peke yake hatathubutu.

Lakini siku gani hii! Kutwa tumekunja mapazia pamoja. Ameongea, ameongea! Shemeji hakupigiwa simu hata mara moja. Vitunguu vimefanya kazi. Nimenunua kapu jingine, la akiba. Nimemwandikia shemeji ujumbe, ameahidi kutuma filamu nyingine, ya kobe asiyetoka kwenye gamba lake. Sijaiona, ila nimeshamtambua mke wangu.

Jumanne anarudi wodini. Sina wasiwasi hata kidogo. Nimeshakata kitambaa cha pazia jipya. Refu sana, la kunifikisha jioni.