Bata Mzinga Aliyekuja Bila Kidari

Kibosho, ng'ambo ya juu ya mfereji,
Mkesha wa Mwaka Mpya.

Kwa Mwenyekiti wa Ukoo,
Mzee Denis,
Ng'ambo ya chini ya mfereji.

Kaka, shikamoo.

YAH: MAPAJA YA BATA MZINGA YALIYOOKWA NA MKWE WANGU MONICA

Kichwa cha habari kiko hapo juu. Ndicho kichwa pekee utakachokiona katika shauri hili, kwa kuwa bata mzinga mwenyewe aliletwa bila kichwa, bila shingo, bila mabawa na bila kidari.

Najua kaka siku ya Krismasi ulikuwepo, tena ulikaa kiti cha mbele na ukaongezwa mara mbili. Hata hivyo nimeona ni vyema nikuandikie rasmi. Siku ile ulikuwa mlaji, na mlaji hawezi kusikiliza malalamiko huku anatafuna.

Kwa faida ya watakaosoma barua hii baada yetu, nieleze kwanza nafasi yangu. Mimi, Ildefonce, ndiye mgawaji wa nyama wa ukoo huu. Kazi hii alinikabidhi marehemu baba pamoja na kisu chake. Kila Desemba watoto wanapopanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, mbuzi huchinjwa pale nyuma ya migomba, nami hukata na kumpa kila mtu kiungo chake. Kidari ni cha akina mama. Shingo ni ya wajomba. Mguu wa nyuma ni wa mwenyekiti, yaani wewe. Mtu akipokea kiungo chake anajua yeye ni nani katika nyumba hii. Shemeji yetu Efraimu wa Mwika aliwahi kupewa ubavu badala ya bega, na hadi leo akipita barabarani anaisalimia migomba yetu tu, sisi hatusalimii.

Mwaka huu hakukuwa na mbuzi. Mke wangu Salvina na mkwe wangu Monica, mke wa mwanangu, walinong'onezana kwenye simu wiki nzima, na mkesha wa Krismasi Monica akapanda kutoka mjini na beseni lililofunikwa kwa taulo. Ndani mlikuwa na mapaja na miguu ya bata mzinga, basi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Ndege hakuwa kamili. Nilipohoji, nilielezwa kwamba mapaja yamenunuliwa kwa Mama Nazlin, mfugaji wa mjini, ambaye vidari vyake vyote huchukuliwa na mahoteli. Wageni wanaopanda mlima wanapenda nyama nyeupe. Nyeusi, ya mapaja na miguu, inabaki kwa ajili yetu. Maana yake, kaka, kidari cha akina mama wa ukoo huu kilipanda Kilimanjaro ndani ya mkate, kikiwa kimebebwa na mpagazi. Pengine kimefika kileleni. Mama yetu alichuma kahawa chini ya mlima huu maisha yake yote na hakuwahi kufika hata getini.

2. Kila mtu alipata paja. Mwenyekiti, paja. Mjomba, paja. Jirani yetu Bernadetha, aliyekuja kuazima ungo, paja, na ungo akausahau. Ukoo ambao kila mtu amepewa paja hauna mkubwa wala mdogo. Leo ni paja, kesho watoto wa Dar es Salaam watataka kuzungumza kikaoni kabla ya wazee, na keshokutwa watauliza kwa nini kihamba cha baba, yaani shamba hili la ukoo, kilibaki kwangu mimi kitindamimba. Wakishauliza hivyo, kaka, naogopa hata wewe utaanza kuuliza.

3. Mbege. Ile sosi ya babikyu ina nyanya, siki, sukari guru, kitunguu saumu na pilipili. Hivyo sina ugomvi navyo. (Naombwa hapa niseme kwamba siki ilikuwa kidogo sana. Nimesema.) Ugomvi wangu ni kwamba mkwe wangu alichota mbege yangu ya ndizi, iliyokuwa imetulia vizuri kwenye pipa, akaichemsha pamoja na hayo yote mpaka ikawa nzito na nyeusi. Mbege hunywewa kwa zamu, mkubwa kwanza. Safari hii mbege ya wazee ililiwa, tena na watoto wa chekechea, wakalamba vidole mbele yangu. Naambiwa kilevi chote kilipotea na mvuke. Hilo nalo naomba liingizwe kama hasara.

4. Oveni. Nyama ilifunikwa kwa foili ikaingizwa kwenye sanduku la bati, mlango ukafungwa. Baadaye ikafunuliwa, ikapakwa sosi, ikarudishwa. Ikatolewa, ikapakwa tena, ikarudishwa tena. Wakati huo sisi wanaume tulikuwa wapi? Wewe unajua tulikuwa wapi. Tulisimama jikoni kwa Salvina tukichungulia kioo cha oveni kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Kwenye moto wa mbuzi mtu huonja ini, hupindua ubavu, na mambo ya ukoo yanakwisha hapohapo. Ule ugomvi wa zamu ya maji ya mfereji, ambao tumeusuluhisha kila Krismasi na kuuanza upya kila Januari, mwaka huu haukutajwa kabisa. Sasa tutauanzaje?

5. Kisu. Nilikinoa tangu asubuhi. Trei ilipotolewa nikasimama nacho, watu wakasogeza sahani kama kawaida, nami nikakosa cha kukata. Kila kipande kilikuwa peke yake, na nyama ilikuwa laini kiasi kwamba ukishika mfupa tu inaachia. Monica akanigusa kiwiko akasema, "Baba, wewe mwaka huu kaa tu, upumzike." Kaka, nilikaa. Mlikula, mlicheka, ngozi ile iliyokaukia sosi mliigombania, na mimi nilikaa na kisu cha baba juu ya magoti. Sikuwahi kujiona mgeni katika kihamba hiki kabla ya siku ile. Iliniuma sana na bado inaniuma.

6. Uvumi. Kuna watu wanasema mapaja yaliletwa yakiwa yamekatwa tayari kwa sababu ya mkono wangu wa kulia, eti unatetemeka. Mkono wangu ni mzima. Kile kikombe cha chai cha Jumapili ya Matawi kilijazwa mno, na kanzu ya Baba Paroko ilifuliwa ikatakata, mwenyewe ni shahidi. Salvina alipoyasikia haya alishangaa kwa Kichagga, "mae!", akatoka nje, na mimi nachukulia kwamba alikuwa ananiunga mkono. Naomba jambo hili lisijadiliwe kikaoni.

Kwa sababu hizo, naiomba Kamati ya Ukoo iamue kwamba mnyama au ndege yeyote anayeletwa hapa sikukuu aletwe mzima, na kama kidari chake kiko hotelini, kifuatwe hukohuko. Naomba pia oveni ifungwe kuanzia mkesha wa Krismasi na ufunguo ukae kwako. (Naelezwa kwamba oveni haina ufunguo. Basi ufungwe mlango wa jikoni.) Mwisho, naomba Monica aniletee jani la isale mbele ya watu, kama anavyofanya kila mwenye kuomba radhi katika mlima huu, nami nitalipokea, maana isale haikataliwi.

Kamati ikishindwa, nitavuka mfereji nikurudishie kisu cha baba, mkamtafute mgawaji mwingine ambaye kazi yake itakuwa kugawa paja, paja, paja.

Wasalimie wote wa ng'ambo ya chini: shemeji, wajukuu, na yule ng'ombe aliyekuwa anakohoa. Salvina anakusalimu ingawa haafiki barua hii. Monica naye anakusalimu. Yuko hapahapa.

Aika mbe, asante sana.

Mdogo wako mtiifu,
Ildefonce
Mgawaji wa Nyama wa Ukoo (kwa sasa)

N.B. Utakuwa umejiuliza mwandiko huu mzuri ni wa nani. Ni wa Monica. Mimi nimetamka, yeye ameandika, pamoja na yote yanayomhusu, na hakugusa neno langu hata moja isipokuwa pale kwenye siki na kwenye ufunguo. Kalamu hainikai mkononi tangu Pasaka. Kisu nacho ni hivyohivyo. Wewe kaka ulijua, Salvina alijua, na huyu binti akaenda mjini kutafuta nyama isiyohitaji kukatwa ili nisitazamwe na ukoo mzima nikishindwa kuupata mwanya wa bega la mbuzi.

Tulipofika kwenye sahihi aliweka kalamu akanyanyuka. Nikadhani nimemuudhi. Kumbe alikuwa na trei nyingine motoni, ya Mwaka Mpya, mapaja yaleyale ya Mama Nazlin. Akaitoa, akaniwekea mbele yangu pamoja na bakuli la sosi, akanipa brashi. Kaka, brashi haitaki mkono uliotulia. Ukitetemeka, sosi inafika mpaka pembeni kusikofikika. Nimepaka trei nzima mimi mwenyewe, na anasema hajawahi kuona mapaja yaliyopakwa vizuri namna hii. Nimeyatazama, naona ni kweli.

Lile jani la isale nimelikata mimi mpakani mwa kihamba nikampa yeye. Amelitia kwenye glasi ya maji dirishani. Kwa hiyo barua hii usiipeleke kwenye Kamati, washa nayo moto. Kuna paja moja kubwa kuliko yote. Nimelipaka mara tatu na nimelitaja kwa jina lako. Vuka mfereji sasa hivi, kabla sijampa Bernadetha, amekuja kufuata ungo wetu.