Malalamiko Dhidi ya Lipiko wa Siku ya Pili ya Krismasi

Brigita Namalenga (Mama Nathanaeli),
Jikoni,
Newala.
27 Novemba.

Mwenyekiti,
Kamati ya Sikukuu za Mwisho wa Mwaka,
Ukoo wa Namalenga,
Newala.

Kupitia kwa Katibu, wifi Regina.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUMPUMZISHA LIPIKO

Salamu tulishapeana asubuhi uliponiuliza taulo liko wapi, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye shauri. Najua tunalala chumba kimoja na haya ningeweza kukueleza tukinywa chai. Lakini wifi yangu Regina alitangaza Jumapili baada ya ibada kwamba mwaka huu kamati haipokei malalamiko ya mdomo, kwa sababu yale ya mwaka jana yalifanya watu wanuniane mpaka Pasaka. Kila mwenye neno aliandike, ampelekee yeye kabla ya Majilio, naye atamkabidhi Mwenyekiti. Mimi ni mtu wa kufuata taratibu. Kwamba Mwenyekiti ni mume wangu, hilo si kosa langu peke yangu.

Kwanza nikiri kwamba kamati inafanya kazi. Krismasi yenyewe sina la kuisema. Ndugu wa Masasi wanafika na mafurushi, wa Tandahimba wanaleta korosho walizobanika wenyewe, shangazi wa Nanganga anakuja na ndoo ya maembe ambayo nusu yake imeshaliwa njiani, na yeye ndiye aliyeila. Siku ya pili tunakwenda sote ukingoni, pale Shimo la Mungu, tunatandika mikeka na kulitazama bonde la Ruvuma lote chini yetu. Watoto wanakula ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, vijana wanapiga picha mpaka simu zinazima. Hapo pia sina neno. Neno langu linaanza saa tisa alasiri, ngoma zinapolia na lipiko anapotoka vichakani.

Kwa faida ya wajumbe walioolewa kwetu kutoka mikoa mingine, lipiko ni yule mchezaji mwenye kinyago kichwani na nguo mwili mzima, hata kidole hakionekani. Sisi wanawake tulifundwa kwamba lipiko si mtu wa nyumba yoyote. Anatoka huko anakotoka, anacheza, anarudi. Sijawahi kuuliza ni nani na leo siulizi. Nalalamika tu, kama ifuatavyo:

1. Lipiko ananiigiza. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili anacheza wimbo wa mwanamke anayeipua pilau. Anajifunga kanga kiunoni, anainama kuchungulia moto, anaita watu wa kumsaidia ambao hawaji, anamsukuma mtoto kwa nyonga kwa sababu mikono yake imeshika sufuria, anafunua, ananusa, anatikisa kichwa kwa masikitiko kana kwamba amefiwa, halafu anapakua vilevile. Ukoo mzima unageuka kunitazama mimi. Jirani yetu Mama Anderson alipaliwa na soda mpaka akapigwa mgongoni. Nimejiuliza sana kiumbe asiyekaa katika nyumba yoyote amejifunzia wapi jinsi ninavyotikisa kichwa wali ukishika chini. Jiko langu lina mlango mmoja na dirisha moja dogo, na anayekaa nje ya dirisha hilo kila siku na gazeti ni wewe. Naomba kamati ikuhoji kama umewahi kumwona mtu akichungulia.

2. Firigisi. Tangu nilipoolewa nimejua kwamba firigisi ya kuku ni yako. Lakini Gerson, mpiga ngoma wetu, alisema lipiko hachezi mpaka firigisi iwe kwenye sahani yake, na sahani hiyo wanaume huipeleka nyuma ya vichaka. Basi kila mwaka nakunyima wewe nampa yeye. Ukirudi nakuomba radhi, nawe unajipapasa tumbo na kusema usijali mke wangu, nimeshiba. Umeshiba nini, Ndugu Mwenyekiti? Ni wewe huyuhuyu ambaye mwezi wa tatu ulikaa siku mbili hunisemeshi kwa kuwa firigisi nilimpa kasisi. Uvumilivu wako wa siku ya pili ya Krismasi unanitia huruma.

3. Mbuzi. Katika miaka yote hii wewe hujawahi kumwona lipiko, hata mara moja. Ngoma zikianza kupashwa moto unasimama, unasema mbuzi amekata kamba, unaingia vichakani. Lipiko akishaondoka unarudi umeloa jasho, mbuzi hakuna. Miaka ya mwanzo nilikuwa namwombea yule mbuzi. Baadaye nikakumbuka kwamba mbuzi wetu wa mwisho tulimchinja siku Nathanaeli alipopata kipaimara, na leo Nathanaeli ni mwalimu Masasi na ana mke. Halafu sikumbuki ni mwaka gani tuliwahi kwenda pikiniki na mbuzi.

4. Soksi. Hili linamhusu mkwe wetu Sia, mke wa Nathanaeli. Sia ni mtoto wa Moshi, amelelewa vizuri, ila huko kwao hili hawakumfundisha. Mwaka juzi ilikuwa Krismasi yake ya kwanza kwetu. Lipiko akainua mguu, na Sia akasema kwa sauti ya kusikika hadi Msumbiji kwamba soksi ya lipiko imeshonwa kidoleni kwa uzi mwekundu kama ile ya baba. Ngoma zikanyamaza. Gerson akatazama mawingu. Shangazi wa Nanganga akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa na kifua. Ilinibidi nisimame niwaeleze watu wote kwamba uzi mwekundu unauzwa sokoni Newala, na hakuna aliyemkataza lipiko kuununua. Sia akapiga magoti akamwomba lipiko msamaha, na lipiko akainama kwa heshima kubwa. Jumatatu yake mtoto wa watu akaikuta soksi ileile kwenye beseni la nguo zako. Akaniangalia. Nikamwambia aisuuze vizuri.

Mpaka hapo, Ndugu Mwenyekiti, ningeweza kuendelea kuvumilia. Ni mambo ya kucheka na sikukuu ni ya kucheka. Kilichonishikisha kalamu ni hili la tano.

5. Mwaka jana lipiko alikaa chini. Alikuwa katikati ya wimbo wangu, sufuria ameshaipua, bado kufunua. Akasimama kidogo, akaweka mkono kifuani, akakaa kwenye mchanga taratibu kama mtu anayejaribu kiti kibovu. Watu wakacheka, wakadhani ni mtindo mpya. Hata Mama Anderson alisema mwaka huu Mama Nathanaeli amechoka kupika. Mimi nilijua sijawahi kukaa chini na pilau mkononi. Nilimwona Gerson akimwangalia Isaka, mwenzake wa ngoma, na Isaka akazidi kupiga ili watu wasitambue. Nilihesabu. Walirudia kibwagizo mara saba. Na mimi, Ndugu Mwenyekiti, nilikaa kwenye mkeka hatua kumi kutoka pale, kanga nimeikunja mkononi mpaka ikalowa, kwa sababu mwanamke hamkaribii lipiko, na kwa sababu huyo si mtu wa nyumba yoyote, nitakwenda kumshika kama nani? Nikacheka na wenzangu. Sijawahi kucheka vibaya vile maishani mwangu.

Mara ya nane akainuka, akamaliza, akaondoka. Wewe ulirudi kutoka kwa mbuzi umeshikiliwa na Gerson upande huu na Isaka upande ule. Ulisema umeteleza. Ulilala siku mbili, uji ulikunywa kwa kijiko, na mimi nilikuuguza ugonjwa wa kuteleza.

6. Kadi. Mwezi wa nane uliniaga unakwenda Masasi kumwona Nathanaeli. Nathanaeli aliponipigia simu siku hiyohiyo kuuliza habari za nyumbani, hakujua kama uko Masasi. Sikukuuliza. Wiki iliyopita nikitafuta kitabu cha nyimbo cha Majilio nimekuta ndani yake kadi ya hospitali ya Mkomaindo, hukohuko Masasi, yenye jina lako. Inasema moyo na presha. Inasema dawa ni za kila siku. Chini daktari ameandika kwa mkono wake: apumzike, ngoma aache kabisa. Mimi ni mtu wa jikoni, sikusoma sana, lakini nimekaa na kadi ile mapajani nikajiuliza daktari amejuaje habari za ngoma kwa mtu ambaye ngoma zikilia yeye yuko vichakani anatafuta mbuzi. Umemwambia mgeni kitu ambacho hujaniambia mimi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko soksi, firigisi na pilau vyote pamoja.

Lakini sitaki kuchanganya mambo. Lipiko ni lipiko na mume wangu ni mume wangu. Mmoja alikaa chini, mwingine akaambiwa apumzike, na mimi kama mwanamke niliyefundwa sina ruhusa ya kuyaunganisha. Kwa hiyo siombi lolote kuhusu mume wangu. Naomba kuhusu lipiko tu.

Naomba kamati impumzishe kuanzia mwaka huu, kwa heshima zote. Apewe barua ya shukrani na kuku mzima. Saa tisa alasiri ipigwe spika ya jirani yetu Awadhi, ambayo najua inakoroma, lakini spika haina moyo wa kuchoka. Ikiwa huko anakotoka lipiko yuko mwingine mwenye magoti mapya, aje huyo, mradi Sia akae nyuma.

Na Mwenyekiti mwenyewe naomba kamati impe kazi maalumu. Akae kwenye mkeka, upande wangu wa kulia, kuanzia saa nane na nusu. Mbuzi akikata kamba, aende zake. Nimeolewa miaka ishirini na minane na sikukuu zote hizo nimeitazama ngoma nikiwa na pengo ubavuni. Wanawake wote wanachekea mabegani mwa waume zao, mimi nachekea kapu la ming'oko. Nataka mwaka mmoja tu nigeuke nikukute. Nikikukuta nitakuwa nimepata sikukuu yangu, hata kama spika itakoroma mpaka magharibi.

Kamati ikiona ombi hili ni kubwa mno, basi nitabaki nyumbani siku hiyo na pilau yangu, nao watakula picha walizopiga.

Naamini utanifikiria kwa haki, hasa ukikumbuka kwamba chai ya kesho asubuhi napika mimi. Wasalimie wajumbe wote wa kamati. Msalimie Katibu, ambaye najua anaisoma barua hii kabla yako. Wifi, hapo kwenye namba tano usilie, utalowesha karatasi. Wasalimie Gerson na Isaka na mwambie Isaka nilimwona. Ukikutana na lipiko mwenyewe, ingawa najua ninyi wawili hamjawahi kuonana, mwambie namsalimu sana.

Ni mimi, mlalamikaji wako na mke wako,

Brigita Namalenga
(Mama Nathanaeli)

Tanbihi: Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa kuwa kuna nililoliruka. Jumamosi iliyopita, Nathanaeli alipokuja, nilikuwa jikoni na habari za dirisha langu unazijua. Nyuma ya ghala nikamwona akifundishwa kitu na Gerson. Sijui ni kitu gani, na kama ni kile nisichokijua, basi hali ni mbaya. Sufuria aliibeba kama ndoo ya zege. Hakuchungulia moto. Hakunusa. Alipofika pa kutikisa kichwa alikitikisa kama mtu anayefukuza nzi. Yule si mimi. Yule ni mwanamke asiyewahi kupika hata chai, na sikubali ukoo mzima unitazame kwa ajili yake. Ni lazima aonyeshwe na mtu anayeijua pilau yangu.

Kwa hiyo lipiko aje. Wimbo mmoja tu, ule wangu, pole pole, na dawa awe amemeza. Zinazobaki Nathanaeli atazicheza atakavyojua. Na mwaka huu mbuzi apatikane mapema. Nafasi kwenye mkeka nitaiacha, na firigisi nimeagiza mbili ili pasiwe na wa kunyimwa.

Soksi ipo ndani ya gunia nyuma ya mahindi, pale ambapo sijui kama huwa panawekwa kitu. Kidoleni ilikuwa imetoboka tena. Nimeishona, na safari hii nimetumia uzi mweusi, Sia asije akaitambua.